UZI: Bahari ndiyo barabara yetu. Mbona boti ya abiria ingoje ijae ndipo iondoke?

BintiSiyu

Assalamu alaykum ndugu zangu wa visiwani na wa bara.

Nina jambo limenikaa moyoni, naomba tulijadili kwa heshima. Mwaka jana mama yangu alikuwa na miadi ya daktari Amu, yaani Lamu mjini. Alfajiri alikuwa tayari yuko gatini Mtangawanda, kisiwani Pate, kitambulisho na kadi ya kliniki vimefungwa kwenye ncha ya leso. Boti ilikuwepo. Nahodha alikuwepo. Mafuta yalishatiwa. Kilichokosekana ni abiria sita. Basi wakakaa, jua likapanda, hadi saa tatu na ushei ndipo kamba ikafunguliwa. Alipofika hospitalini daktari amemaliza wagonjwa wa siku ile. Akalala kwa jamaa Langoni, akala chakula cha watu, akarudi tena asubuhi yake. Safari ya siku moja ikawa ya siku mbili na usiku.

Simlaumu nahodha, na naomba mtu asiseme namlaumu. Mashine inakunywa petroli ileile ukiwa na abiria wanane au kumi na wanne. Akiondoka na wanane anatia hasara mfukoni mwake, na yeye ana watoto kama sisi. Ninachouliza ni kwa nini ratiba ya mgonjwa wa Pate iamuliwe na mfuko wa nahodha mmoja.

Tazameni bara. Barabara ya Garsen kwenda Witu hadi Mokowe ilitiwa lami kwa pesa za umma. Hakuna aliyekaa kuhesabu lami ile italeta faida ya shilingi ngapi kwa mwezi. Watu walisema: Lamu imekatika na nchi, iunganishwe. Wakaiunganisha, na ni haki. Lakini lami inaishia Mokowe. Kuanzia pale kwenda Amu, Matondoni, Kipungani, Siyu, Faza, Kizingitini, Ndau na Kiwayu, barabara ni maji. Na barabara hiyo ya maji tumeachiwa wenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo nilipolijua sikulala. Kila lita ya petroli inayouzwa Kenya ina ushuru wa matengenezo ya barabara ndani yake. Ulikuwa shilingi 18, tangu Julai 2024 ni shilingi 25. Nahodha anaponunua petroli ya mashine yake ya boti, anaulipa. Tuseme boti inachoma lita 40 kwenda na kurudi: hiyo ni shilingi 1,000 ya kutengeneza barabara ambayo boti haitaikanyaga kamwe, na anayeilipa mwishowe ni mama yangu, ndani ya nauli. Kwa hiyo mtu asiniambie tunaomba sadaka. Tunadai chetu.

Kwenye feri ya Likoni, Mombasa, mtu wa miguu anavuka bure. Serikali iliona kwamba yule aliye ng'ambo ya Kusini hawezi kutozwa kwa kosa la kuzaliwa upande wa pili wa maji. Sisi tumezaliwa wapi?

Naomba maoni. Hasa ya wenye vyombo.

MwenyeGari_Malindi

Wa alaykum salaam dada. Pole kwa yaliyomkuta mama.

Mimi nina matatu moja, inakwenda Malindi na Mombasa. Nitasema ukweli wangu hata kama hautapendeza. Serikali ya nchi hii ilishajaribu kubeba abiria, na tuliona. Mwaka 1986 lilianzishwa shirika la mabasi ya Nyayo. Mabasi mazuri, nauli nafuu, watu wakafurahi. Haikufika miaka kumi na mitano lilikuwa limekwisha: magari yamelala yadi, vipuri hakuna, usimamizi mbovu. Nairobi nako Kenya Bus ilianza 1934, mwaka 1966 baraza la jiji likachukua hisa ya robo. Na bado mtaani watu walikuwa wakisubiri basi lisilofika. Pengo hilo nani alilijaza? Matatu. Mzee Kenyatta akaziruhusu rasmi mwaka 1973 kwa sababu zilikuwa zinafanya kazi ambayo wenye vibali hawakuitosheleza. Hata hilo jina limetokana na mapeni matatu, senti thelathini, nauli ambayo mtu wa chini aliiweza.

Hakuna waziri aliyeniambia niende kijiji fulani. Nilikwenda kwa sababu kuna abiria na kuna riziki. Faida ndiyo inayonitoa kitandani saa kumi usiku. Ukiweka mshahara wa serikali, dereva atatoka kitandani saa mbili, na gari likiharibika atangoja fomu isainiwe na watu watano.

BintiSiyu

Kaka yangu wa Malindi, shukrani kwa kuniambia wazi. Ya Nyayo siyakatai. Lakini nikuulize na wewe uniambie wazi vilevile: kuna kijiji ulikiacha kwa sababu hakina abiria wa kutosha?

MwenyeGari_Malindi

Kipo. Vipo vingi. Ukitoka barabara kuu kuingia ndani, njia ya mchanga, abiria watatu asubuhi na watatu jioni, siendi. Mwenye gari mwenzangu akienda atauza gari ndani ya mwaka. Huko wanategemea bodaboda, na ni ghali kwa kilomita kuliko mimi mara nyingi.

Na niongeze, kwa kuwa umetaka ukweli. Wengi wetu tunamdai dereva hesabu: kiasi fulani kila jioni, kinachozidi ni chake na makanga. Hapo ndipo mbio zinapotoka, na kujaza kupita kiasi. Ndiyo maana mwaka 2004 kanuni za Michuki zilipoanza kutekelezwa, za mikanda na vidhibiti mwendo, barabara zilitulia ghafla. Biashara peke yake ilikuwa haijajifunza kujizuia. Hilo nakubali.

Nahodha_wa_Kale

Bismillahi. Mimi ni mtu mzima, simu hii mjukuu ndiye aniandikia, nami namsomea la kuandika.

Bahari hii naijua tangu ni ya matanga. Nimepeleka abiria Faza kwa jahazi, nikapeleka kwa mashua ya mashine ya dizeli, sasa kijana wangu ana boti ya faiba. Binti, umesema kweli kwamba hukunilaumu, Mola akujaalie. Wengi hutulaumu. Watuona tumekaa gatini twanywa kahawa, wadhani ni uvivu. Si uvivu. Nahodha akikaa pale anahesabu. Fungu la mwenye chombo, fungu la mashine, mafuta, baharia. Kichwani mwake hesabu haijatimia, ndipo akaketi.

Lakini kuna jambo nyote hamjalitaja, na bila hilo mtaandika karatasi nzuri isiyovuka maji. Mwasema ratiba. Ratiba ya saa ni ya gari. Maji huchelewa kila siku, kiasi cha dakika hamsini hivi. Yeo yakijaa saa mbili, kesho yatajaa karibu na saa tatu. Siyu na Pate mjini, maji yakipwa, chombo hakisogei: mwajua wenyewe, ni matope na mikoko. Bamvua likiwa kubwa maji hushuka mita tatu na zaidi. Sasa serikali itaniandikia kwamba kila siku niondoke saa kumi na mbili u nusu. Siku nyingine saa hiyo chombo changu kimekaa juu ya mchanga kama ngalawa ya mtoto. Nitakatwa pesa kwa kuchelewa?

Na upepo wa Kusi. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane, kuna siku mtu mwenye akili hatoki. Nikilipwa kwa safari, nitasukumwa nitoke nisipate kupunjwa. Hilo ndilo linaloua watu. Anayepanga malipo na apange pia malipo ya siku ambayo nahodha amesema hapana.

Kizingitini_Kijana

Mzee wangu, ya siku ya "hapana" ndiyo yaliyonigusa. Nimeshawahi kupakiwa Kusi ikivuma, jaketi za kuokolea ziko chini ya shehena ya unga na magodoro, kwa sababu nahodha alikuwa amekosa abiria siku mbili na ilibidi aende. Sote tulijua. Sote tulipanda. Hatukuwa na njia nyingine.

Mama_Mboga_Likoni

Mimi si wa Lamu ila nasoma hapa kila mara, naomba niseme. Nauza mboga upande wa kisiwani, naishi Likoni. Navuka kila siku kwenda na kurudi kwa miguu, silipi. Hata shilingi ishirini kila upande ingekuwa arubaini kwa siku, zaidi ya elfu moja kwa mwezi. Hiyo ni karo ya mtoto wa chekechea. Watu wanaosema cha bure hakina thamani hawajahesabu kwa kikapu cha mchicha.

Lakini cha umma nacho kinataka macho. Sisi hatusahau Mtongwe. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya umma, watu waliokuwa wakienda kazini asubuhi, wakafa 272. Na majirani zetu Tanzania, MV Nyerere pale Ukara, Septemba 2018, nayo ilikuwa ya serikali, ikabeba watu kuliko uwezo wake, zaidi ya mia mbili wakazama. Serikali kuwa mwenye chombo hakukizuii kuzama. Dada BintiSiyu, ukidai ruzuku dai na mtu wa kuhesabu vichwa pale gatini, ambaye halipwi na mwenye boti.

BintiSiyu

Mama, nimekusoma mara tatu. Allah awarehemu wote wa Mtongwe.

Naona tunasogea mahali. Nilipoanza uzi huu kichwani mwangu kulikuwa na boti kubwa nyeupe ya kaunti, yenye nembo ubavuni. Sasa naiondoa. Nimeshawishika na kaka wa Malindi kwamba tukinunuliwa chombo kitapigwa picha siku ya uzinduzi kisha kitaota kome. Vyombo tunavyo. Manahodha tunao, na hakuna chuo kitakachotufundisha mlango wa Siyu kuliko wao. Tunachokosa ni mtu wa kujaza pengo la wale abiria sita.

Kwa hiyo kaunti isinunue boti. Inunue safari. Tuseme safari moja kwenda na kurudi inamgharimu nahodha shilingi 6,000 pamoja na riziki yake, na siku hiyo abiria wamelipa 3,500. Kaunti inaongeza 2,500, kwa sharti kwamba ameondoka kwa wakati, jaketi ziko mwilini, vichwa vimehesabiwa. Boti ikijaa yenyewe, haiongezwi kitu. Kwa safari mbili kwa siku, hata kama pengo ni hilo kila siku ya mwaka, jumla ni shilingi 1,825,000. Hizo ni namba zangu za mfano, mzee Nahodha anirekebishe.

Na msiambiwe si kazi ya kaunti. Katiba ya 2010, Nyongeza ya Nne, Sehemu ya Pili, inapotaja usafiri wa kaunti inataja barabara, maegesho, na inataja waziwazi feri na bandari. Feri. Imeandikwa.

Nahodha_wa_Kale

Elfu sita ni kidogo, mwanangu. Umehesabu mafuta, hukuhesabu mashine kuzeeka. Maji ya chumvi yala chuma. Na Kusi mafuta huongezeka kwa kuwa wapanda mawimbi. Weka elfu nane.

BintiSiyu

Nimeweka, ami. Pengo linakuwa 4,500 kwa safari. Kwa mwaka ni shilingi 3,285,000. Imekaribia maradufu, lakini bado ni pesa ya kuzungumzika.

MwanaAmu_Ughaibuni

Niko Scotland mwaka wa tisa, nataka niwape la huku, kwa sababu nako ni visiwa, upepo na watu wanaolalamika gatini.

Huku feri nyingi za visiwa vya magharibi ni za shirika la serikali. Nauli waliipanga kwa wazo moja ambalo nililipenda: mtu wa kisiwani asilipe kwa maji zaidi ya vile ambavyo angelipa kama pale pangekuwa na barabara. Walianza kwa majaribio 2008, wakalieneza kwenye njia zao nyingi kufikia 2015. Yaani hoja ya BintiSiyu hasa, bahari kama barabara, wao wameiandika kuwa sera. Norway nako feri za abiria na magari huhesabiwa kuwa sehemu ya mtandao wa barabara, na kampuni hushindania mikataba ya kuziendesha.

Lakini nisiwafiche. Serikali ya huku iliagiza feri mbili mwaka 2015. Ya kwanza, Glen Sannox, ilitakiwa 2018. Ilibeba abiria wa kwanza Januari 2025. Miaka yote hiyo visiwa vilikuwa vikitegemea vyombo vizee, na safari zikifutwa. Nchi tajiri hiyo. Ndiyo maana nafurahi mmeiondoa ile boti nyeupe. Kununua safari kwa vyombo vilivyopo ni akili zaidi kuliko walivyofanya hawa.

MwenyeGari_Malindi

Dada, hapo kwenye kununua safari nimekuelewa na nimelegea. Kwa kweli mtu akiniambia leo: ingia kile kijiji cha mchanga mara mbili kwa siku, upungufu nitaufidia, nitakwenda kesho. Bado niko kwenye biashara. Bado mimi ndiye nabadilisha tairi. Anayenunua siti tupu ni mwingine tu.

Ila ujue mtakapoanza, watajitokeza wenye boti ambao ni shemeji wa mtu fulani.

Karani_Mstaafu

Nimefanya kazi ya vitabu vya hesabu za serikali maisha yangu yote, nimestaafu. Naomba mnisikilize kwa sababu mnaelekea kwenye mwamba.

Kuhusu shemeji: zabuni itangazwe gatini, si kwenye tovuti pekee, na bei ya kila njia ibandikwe ukutani pale pale abiria anapopandia. Hilo linatibika.

Lisilotibika kirahisi ni malipo. Kaunti za nchi hii zinajulikana kwa madeni ya wazabuni yasiyolipwa. Mtu ameuza saruji, amepeleka, amesaini, pesa anaingoja mwaka na zaidi. Mwenye duka la saruji anaweza kukopa benki. Nahodha hawezi. Petroli hununuliwa kwa pesa mkononi, leo. Kaunti ikichelewa miezi minne, mnayoiita ruzuku itakuwa ni nahodha anaikopesha serikali. Atarudi kusubiri abiria sita, na safari hii atakuwa na hasira.

Pia kuhusu mahali pa kutoa fedha. Kuna Hazina ya Usawazishaji, kifungu cha 204 cha Katiba, ya maeneo yaliyoachwa nyuma, na Lamu imo. Lakini someni maneno yake: maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Bahari haikutajwa. Mtu wa Nairobi akisoma "barabara" haoni maji. Kwa hiyo msiitegemee. Pigania bajeti ya kaunti yenyewe. Makadirio hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo kuna vikao vya wananchi. Watu wetu huenda vikao vile wakaomba taa za barabarani na madarasa, kisha wakarudi nyumbani kwa boti iliyongoja ijae.

Kizingitini_Kijana

Ndipo nasema hawatatulipa kamwe.

BintiSiyu

Karani, maneno yako yamenitia baridi, lakini ni bora niyasikie hapa kuliko baada ya mkataba.

Nafikiri hivi. Malipo yatangulie. Kaunti iweke fedha za miezi mitatu mbele, kwenye akaunti ya ushirika wa wenye vyombo wa njia hiyo, na ushirika uwalipe manahodha kila Ijumaa kwa daftari la mhesabu vichwa. Fedha zikibaki za mwezi mmoja na hazijaongezwa, mkataba unasimama wenyewe, hakuna nahodha anayedaiwa safari. Abiria watapiga kelele siku hiyohiyo, si baada ya mwaka. Mzee wa saruji alipigiwa kelele na nani? Na hakuna. Boti isipoondoka, kelele zake zinafika Amu kabla ya adhuhuri.

Ratiba ifuate maji kama alivyosema ami. Itolewe kwa mwezi, ibandikwe misikitini, shuleni na zahanati, na hospitali ipange miadi ya watu wa Pate kwa ratiba hiyo. Siku ya "hapana" ilipwe nusu ya pengo, wakisema hapana manahodha wawili au zaidi wa gati lile. Asiamue mmoja peke yake, asishurutishwe mmoja peke yake.

Tuanze na njia moja tu. Mtangawanda na Amu. Nauli ibaki ileile, sitaki bure. Bure Likoni inawezekana kwa sababu watu ni maelfu kwa maelfu na vyombo ni vya umma. Kwetu bure itamfukuza nahodha ambaye hakupewa mkataba, na tutabaki na vyombo vitatu badala ya kumi.

Mama_Mboga_Likoni

Hapo kwa bure nimeumia kidogo, mwanangu. Mjane wa Faza asiye na nauli atafanyaje?

BintiSiyu

Sina jibu zuri, mama. Labda wagonjwa wenye kadi ya kliniki, na wajawazito, pengo lao lilipwe lote. Nitaliandika hivyo. Kama kuna mwenye njia bora aniambie kabla ya kikao.

Nahodha_wa_Kale

Mjukuu anisomea tena yote. Ndiyo, sasa yaanza kufanana na bahari.

Mjane hata sasa hatumwachi gatini, uliza mtu yeyote. Lakini nafurahi mkiandika, kwa maana mimi nitakufa na kijana wangu ana deni la mashine.

Hilo la nusu ya pengo siku ya Kusi, msilitoe hata wakiwabana. Watakaa wale wa bara kikaoni waseme, twamlipa mtu kwa kutosafiri? Mwambieni aje mwezi wa saba nimpeleke mwenyewe.

Mimi na wenzangu sita wa gati hili tumezungumza jana baada ya isha. Pesa zikitangulia, kesho yake maji yakijaa tutafungua kamba, hata ndani ya chombo wakiwa watatu. Niandikieni tarehe ya kikao. Nitakuja, na boti nitaileta mapema.

BintiSiyu

Nitakuandikia, ami. Na mama yangu amesema atapanda hiyo ya kwanza.